Hakuna Aliyelalamika

9 Februari

"Tangu tuizindue programu yetu, hakuna kipofu hata mmoja aliyelalamika."

Mwanangu, maneno hayo ni yako. Gazeti limeyaweka chini ya picha yako, umevaa koti jipya. Mimi nimesahihisha prufu, kurasa za majaribio, kiwandani kwetu kwa uchapaji kwa miaka ishirini na sita, na najua tofauti ya sentensi ya kweli na sentensi iliyonyooka. Hiyo yako imenyooka tu. Mtu akijenga ofisi ya malalamiko juu ya paa, akaondoa ngazi, kisha akakaa huko juu anakunywa chai na kuuliza, "Mbona wenye magongo hawaji kulalamika?", tutasema wateja wake wameridhika? Fomu yenu ya malalamiko nimeitafuta. Nimeikuta ndani ya programu hiyo hiyo. Kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini nyie mkikisikia mnakiita takwimu.

Haya, salamu. Hatujambo. Mvua ilipasua bati moja upande wa jikoni, fundi akaja, akaliziba, akavunja la pili. Baba yako hajambo. Ameniambia niandike hivyo, nami nimeandika. Haandiki mwenyewe kwa kuwa miwani imevunjika. Na ukitaka kujua kwa nini sikupigii, simu utanikatia, barua huwezi kuikatia.

Jambo lenyewe ni hili. Kuna mzee mmoja huku kwetu ana kisukari cha miaka mingi. Kilianza kumla figo, kisha kikapanda machoni. Kila Jumanne na Ijumaa anatakiwa afike hospitali ya rufaa, mwendo wa saa mbili, aunganishwe na mashine ya kusafisha damu. Akikosa mara moja anavimba miguu. Akikosa mara tatu au nne, nadhani hata watu wa kompyuta mnajua mwisho wake. Zamani alikuwa anapiga simu shirikani kwenu, mama mmoja anapokea, anamwita "baba mkwe", wanataniana kidogo, gari linakuja. Mwezi wa kumi na moja namba ile mkaifunga. Siku hizi gari linaombwa kwa programu tu. Kwa sasa jirani mwenye gari anampeleka akipata nafasi, lakini jirani si shirika. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Nyie mbachao mmeuchoma moto.

Mzee amewashiwa ile sauti ya simu inayomsomea asiyeona kilichoandikwa kwenye kioo. Nilikaa naye nikasikiliza. Anapitisha kidole, sauti inasema: "Kitufe. Kitufe. Picha. Kitufe." Kitufe cha nini, haisemi. Ni kama kuingia kwenye nyumba yenye milango kumi, na kila mmoja umeandikwa "mlango". Kimoja tu ndicho kinachojitaja, kwa sauti safi kabisa: "Changia. Gusa mara mbili kuchangia."

Nieleze hilo. Anayetoa mmemfungulia mlango, anayeomba mmempa ukuta. Nani aliamua?

Shangazi yako.

3 Machi

Shangazi, shikamoo.

Nisamehe kwa kuchelewa. Mama watoto anakusalimu. Mdogo ameota jino la pili na anamng'ata kila mtu nalo. Mkubwa ameanza kusoma, na anataka babu yake amfundishe kusoma herufi kinyumenyume, kama alivyonifundisha mimi pale kwenye meza ya kupangia chapa. Nampigia Baba hapokei, au anapokea na kusema mtandao mbaya. Kuna nini? Namtumia simu mpya kwa basi la Jumamosi, yenye kioo kikubwa.

Mwandishi wa gazeti alinikata maneno. Nilisema hatujapokea malalamiko rasmi.

Shangazi, tupo wanne kwenye chumba kimoja, meza mbili, feni moja. Tuliambiwa tumalize kabla mwaka haujaisha. Wasioona ni wachache, na kwa kawaida mtu wa namna hiyo ana wa kumsaidia nyumbani. Mahitaji yao tumeyaweka awamu ya pili. Na lile duara la uso, najua utalifuata, tumeliweka kwa sababu jamaa za wagonjwa walikuwa wanaita gari kwa jina la mgonjwa na kwenda nalo harusini. Sasa mgonjwa mwenyewe lazima aweke uso ndani ya duara, peke yake, kwa sekunde ishirini. Tangu hapo wizi umekwisha.

Nitumie namba ya usajili ya huyo mzee. Nitamtengenezea njia mimi mwenyewe, ni kazi ya dakika tano.

Msalimie sana Baba.

Mwanao.

21 Machi

Marahaba, mwanangu.

Baba yako alicheka kusikia habari za mjukuu. Amesema aje, lakini aje na vidole visafi. Simu imefika. Ameipapasa nyuma na mbele, akaishika kifuani muda mrefu, kisha akaniambia niiweke kabatini. Anasema ni nzuri mno kuitumia.

Umesema malalamiko "rasmi". Hata maiti hailalamiki rasmi. Na swali langu la Changia umeliruka kama mtu anavyoruka dimbwi, huku umeinua suruali.

"Ana wa kumsaidia nyumbani." Msaidizi mwenyewe nilikuwa mimi, kwa hiyo sikia nilivyosaidia. Wiki tatu mzee alijaribu peke yake. Sauti inamwambia, "Weka uso ndani ya duara." Duara liko wapi, haimwambii. Simu ikapiga picha paji la uso, ikapiga sikio, ikapiga dari. Kila mara sekunde ishirini zinaisha, anaanza upya. Jumatatu iliyopita asubuhi akanikubalia. Akanyoa ndevu, akavaa shati la safari, akakaa kwenye stuli karibu na dirisha. Nikasimama ubavuni, nikamshikia simu.

"Kushoto kidogo," nikamwambia.

"Kushoto kwangu au kwako?"

"Kwako."

"Wewe si ndiyo kazi yako kusahihisha? Sahihisha basi."

Nikainama kuangalia kama amekaa sawa. Duara likawa la kijani. Kisha kioo kizima kikawa chekundu, na sauti ikasoma: "Nyuso mbili zimeonekana. Udanganyifu umebainika. Akaunti yako imesimamishwa." Hayo maneno, mwanangu, yanasomeka. Kitufe cha kuomba gari hakina jina, lakini tuhuma ya wizi ilisomwa yote, neno kwa neno, na mapumziko ya nukta mahali pake.

Mzee akajipapasa uso. Halafu akasema, "Miaka sabini sijaiba hata msumari. Leo naambiwa nimeiba uso, tena uso wenyewe wako. Si ningechagua mwingine?" Akacheka. Mimi sikuweza.

Umeelewa mlichojenga? Akiwa peke yake hawezi. Akisaidiwa ni mwizi. Sijui hata mahakama mbovu kiasi gani ingetoa hukumu hiyo, na nyie mmeipa mashine iitoe kila siku bila hakimu.

Namba nimemwomba. Amekataa. Ana sababu zake, na nimemwahidi sitazitaja. Nami nakubaliana naye: usimtengenezee mtu mmoja njia ya uani. Tengeneza mlango.

Shangazi yako.

20 Aprili

Shangazi, shikamoo.

Sote wazima. Nilikuwa safarini. Shirika limepewa tuzo, kwa sababu idadi ya wagonjwa waliofikia hali ya kutohitaji tena gari imepanda kwa robo nzima ndani ya miezi mitano. Nilipanda jukwaani kuipokea. Nimemtumia Baba picha kwenye ile simu mpya, hajajibu kitu. Labda hakupendezwa.

Kuhusu mzee wako: kuna fomu ya rufaa ndani ya programu. Inachukua siku kumi na nne za kazi. Siwezi kumfungulia akaunti mtu nisiyemjua. Niliomba namba, ukanipa hotuba. Unapenda vita, Shangazi, tangu nikiwa mdogo ulikuwa unagombana mpaka na kamusi. Mimi nina wakubwa wanaonihesabia siku.

Mwambie mzee apunguze kiburi. Kiburi hakisafishi damu.

Mwanao.

6 Mei

Mwanangu,

Salamu utazikuta kwenye barua nyingine.

Namba ni 40718. Iandike kwenye kompyuta yako ukiwa umesimama, usikae kwanza. Nimevunja ahadi kwa kukupa, na itakwambia yale ambayo mimi sikukwambia.

Jirani ameuza gari. Kwa basi tumejaribu mara mbili, na mara ya pili alianguka mlangoni mwa basi, watu wakamnyanyua, tukarudi nyumbani. Amekosa mashine mara tatu. Miguu haiingii viatuni. Hawezi kulala chali, anakosa pumzi, kwa hiyo anakaa kitini na mto. Zahanati wamempa vidonge na kusema zaidi ya hapo si kazi yao. Fomu yenu ya rufaa inataka kwanza uchague picha zenye madaraja kati ya picha tisa. Nilimchagulia mimi. Ikamtaka tena aweke uso ndani ya duara.

Tangu jana nimekupigia mara nne. Simu yako imenijibu yenyewe kwamba uko kwenye kikao, nitume ujumbe. Nimetuma: nipigie. Barua hii nampa dereva wa basi mkononi, kwa kuwa sijui tena ni kitu gani kinakufikia.

Fungua.

Shangazi.

8 Juni

Shangazi, shikamoo.

Mama watoto na watoto wamefika salama. Mkubwa bado anauliza kwa nini Babu alizikwa na yeye hajamfundisha zile herufi.

Kuna jambo sikukwambia msibani. Uliponikuta mlangoni ulinishika mabega, ukaniangalia, hukusema neno. Nilidhani ni huzuni. Jamaa mmoja akanipa pole, akasema, "Mzee alikuwa haoni tena, lakini wewe ukiongea redioni anatunyamazisha sote." Nikaitikia kama mtu anayejua. Nilikuwa sijui. Sikujua macho, sikujua figo, sikujua mashine. Nilirudi huku nikikulaumu moyoni kwamba mmenificha ugonjwa wa baba yangu, na kwamba ulikuwa unahangaika na mzee wa mtaani huku ndugu yako anakufa chumba cha pili.

Barua yako ya Mei ilifika tarehe tisa. Niliujua mwandiko. Ujumbe wako wa "nipigie" pia niliusoma. Nikajua ni vita nyingine, nikaitia barua kwenye begi, nikasema nitaifungua nikipata nguvu za kugombana. Baba alifariki tarehe kumi na saba. Nilikuja na begi hilo hilo. Lilikaa siku nne chini ya kitanda nilicholalia nyumbani kwenu, barua ikiwa ndani.

Nimeifungua juzi.

Niliandika namba nikiwa nimekaa. Ulinionya.

Shangazi, mfumo unahifadhi picha zote zilizoshindwa. Ziko kumi na saba, na kila moja ina tarehe na saa. Ya kwanza ni dari ya jikoni, naliona lile bati lililozibwa. Kuna sikio. Kuna paji la uso, na kovu alilolipata kwenye mashine ya chapa nikiwa darasa la kwanza. Kuna shati la bluu, kalamu mfukoni, uso haupo. Asubuhi moja alijaribu mara nne mfululizo. Ya kumi na saba amenyoa. Uso umekaa katikati kabisa ya duara, anatabasamu kidogo kama mtu aliyeambiwa atulie kwa picha. Pembeni kuna shavu lako.

Chini ya picha kuna mstari wa hali ya mgonjwa. Akaunti ikisimama siku ishirini bila rufaa kukamilika, mashine inaujaza yenyewe. Umeandikwa: "Amejitoa mwenyewe. Hahitaji tena huduma." Robo ile niliyopanda nayo jukwaani imetokana na mstari huo. Baba alihesabiwa humo.

Uliuliza kuhusu Changia, na nitajibu sasa. Mwezi wa tisa mwaka jana, kabla hatujazindua, tulimwita mkaguzi, mwanamke asiyeona, akakaa nasi siku mbili. Akaorodhesha makosa arobaini na moja. Kosa la tatu: vitufe havina majina. La nne: duara. La tisa: anayesaidiwa ataonekana mwizi. Nilisoma yote. Juu ya karatasi niliandika "awamu ya pili" na kutia sahihi, yangu peke yangu. Hiyo awamu haikuwa na tarehe, ilikuwa neno tu la kumaliza kikao. Changia tulikirekebisha kwa sababu mfadhili mmoja asiyeona alituandikia. Ilichukua asubuhi moja.

Sasa nimepiga hesabu ya yale mengine arobaini. Ni siku tisa za kazi.

Nimewaeleza wakurugenzi. Wamesikitika sana. Wamesema tusubiri mwaka mpya, na namba ya simu haitarudi. Nimeanza kurekebisha peke yangu wenzangu wakishatoka, lakini bila idhini yao hakuna kinachoingia kwenye programu.

Kwa nini hukuniambia ni yeye?

Mwanao.

14 Julai

Marahaba, mwanangu.

Mwambie mama watoto ale, alikonda sana alipokuwa huku. Mwambie mkubwa kwamba kabatini nimekuta kisanduku kidogo cha herufi za risasi, zile za kupangia chapa, ambazo babu yake alipewa siku aliyostaafu. Ni zake. Bati halivuji tena. Simu uliyomletea ilikuwa imefungwa kwenye kitambaa, na picha zako za jukwaani zimo. Alinitaka nimweleze kila moja. "Kasimamaje?" Nikamwambia umesimama kama yeye, bega moja juu. Aliridhika.

Kwa nini sikukwambia. Alinishika mkono, akasema, "Mtoto asijue kwamba kazi yake imemshinda baba yake. Atadhani ni kazi mbaya." Nikamwambia, "Kaka, ni mbaya." Akasema, "Basi ajifunze kwa mzee wa mwingine." Nikacheka, nikaahidi. Vidole vile vilisoma herufi za risasi gizani miaka arobaini na mbili, mwanangu. Ukimpa ukurasa mzima uliopangwa kinyumenyume anakuonyesha nukta iliyokosekana. Kila asubuhi nilimwona anapitisha vidole hivyo hivyo kwenye kioo, kioo hakina kitu, na bado anasema, "Subiri, mwanangu lazima kaweka alama mahali."

Uliomba namba tarehe tatu Machi. Niliipeleka tarehe sita Mei. Katikati ya tarehe hizo nilikuandikia milango na kuta na mahakama, maneno mazuri, na yote niliyatumia kufunika ahadi niliyoogopa kuivunja. Sehemu hiyo ni yangu, na sitaki unisaidie kuibeba. Yako unayo. Usiniombe nikupunguzie, sina mamlaka hayo. Mwenye nayo tumemzika.

Lakini kulia kwako peke yako kwenye chumba chenye feni moja, hapana. Barua yako ya Juni na hii yangu nimezipiga nakala saba: wakurugenzi watatu, na nyie wanne mnaokaa kwenye zile meza mbili. Hukunipa ruhusa, nami sikuiomba. Kinachofuata hapa si chako pekee.

Nyie saba, mnaosoma hii.

Msinitumie salamu za rambirambi zenye nembo. Msiniambie wasioona ni wachache. Mliwafanya wachache kwa kuwafungia nje, kisha mkawahesabu. Msiniambie mlizuia wizi. Mwizi wa gari la harusini alirudi nyumbani salama, aliyekufa ni mgonjwa. Na neno "awamu" sitaki kulisikia tena kutoka kwenu, kwa sababu kaka yangu alikuwa na awamu moja tu.

Kabla hamjaiweka barua hii chini, kila mmoja achukue simu yake, awashe ile sauti ya kusomea, ajifunge kitambaa machoni, na aombe gari. Wakurugenzi muanze. Akitokea mwenzenu kuwasaidia, msikie mtakavyoitwa.

Siku tisa mmezihesabu wenyewe. Zimeanza mlipofungua bahasha. Rudisheni namba ya simu, na mrudisheni yule mama aliyekuwa anaipokea. Chukueni orodha ya wote walioandikwa kwamba wamejitoa wenyewe, muwapigie mmoja mmoja, muanze na wa mwezi huu, maana hao huenda bado wanaweza kupokea.

Kisha fungueni 40718. Futeni yale maneno. Andikeni: "Aliomba gari mara kumi na saba. Hatukumpa." Mtie sahihi, wote saba.